Anapenda Opera Kuliko Mimi?

Mwezi huu tuweke pembeni kidogo habari za simu zinazopigwa usiku wa manane na za mawifi wanaokuja kusalimia wakakaa miezi mitatu. Kuna dada mmoja wa Mabira, kule wilayani Kyerwa mkoani Kagera, kanipa kazi ambayo kwa kweli sikuitegemea. Nimezoea kuulizwa kuhusu mwanamke wa nje. Dada huyu ananiuliza kuhusu wanawake wa nje ambao wengine walishakufa zamani, na karibu wote wanaimba Kiitaliano.

Kisa chenyewe kiko hivi. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi hapo hapo Mabira. Mumewe ni afisa mikopo wa benki moja mjini Kayanga, wilaya jirani ya Karagwe. Siku za kazi analala huko, Ijumaa jioni anarudi nyumbani. Wana miaka minne ya ndoa na mtoto mmoja. Bwana hanywi kupita kiasi, hana kashfa, na mshahara wake unaonekana. Tatizo ni Jumamosi. Ikifika saa kumi na moja jioni, wenzake wakiwa kwenye mpira au kwenye rubisi, yeye anatoa kiti barazani, anaunganisha simu na spika, halafu anafumba macho. Inaanza sauti ya mwanamke, inapanda, inapanda, mpaka kuku wanahama uani. Saa mbili nzima! Mama mkwe alishauliza kwa upole kama mwanawe anaumwa. Majirani wamempa jina, wanamwita Bwana Msiba.

Hayo yote dada aliyavumilia. Siku moja anataka kufua koti la mumewe, akakuta risiti mfukoni. Ni ya kinanda cha umeme, kimenunuliwa Mwanza na kimewekwa kwenye chumba cha kupanga kule Kayanga. Na fedha iliyokinunua ilikuwa ile waliyokuwa wakidunduliza wote wawili ili wapate kipande cha shamba la kahawa. "Sasa dada," anamalizia, "nimwambie achague, mimi au hiyo opera yake?"

Haya. Hebu kwanza tukae chini.

Hapa kuna mambo mawili yamefungwa kwenye kanga moja, muziki na pesa, na tukiyachanganya hatutafika. Nianze na muziki, maana najua hata wewe unayesoma hapo umeshaanza kucheka. Unajiuliza, mtu wa benki, mtu wa riba na dhamana, tena mzaliwa wa Mabira kwenye migomba na kahawa, opera kaitoa wapi?

Kaitoa kanisani, ndugu yangu. Dada mwenyewe anasema mumewe aliimba kwaya tangu akiwa darasa la tatu, na alisoma solfa kabla hajajua Kiingereza. Yeyote aliyekulia kwenye kwaya za Tanzania, awe Mkatoliki au Mlutheri, anajua kwamba Krismasi au Pasaka ikifika kuna siku mwalimu wa kwaya anatoa karatasi zilizochakaa na kusema sasa tunafanya Haleluya ya Handel. Wimbo huo unatoka kwenye kazi iitwayo Messiah, ambayo Handel aliiandika mwaka 1741 kwa muda wa wiki tatu hivi, ikaimbwa mara ya kwanza Dublin mwaka 1742. Sasa, huyu Handel kabla ya hapo alikuwa mtu wa opera. Alitunga zaidi ya arobaini. Kwa hiyo mtoto aliyesimama safu ya sauti ya pili kanisani, akishika noti yake wakati wenzake wa sauti ya kwanza wanapaa, alikuwa ameshaingia kwenye nyumba ya opera kwa mlango wa nyuma bila kuambiwa. Wengine wakikua wanatoka. Huyu bwana hakutoka, basi.

Na watu wa benki wenye homa hii wapo, tena wakubwa kuliko huyu wa Kayanga. Yuko mmoja ambaye jina lake wasomaji wangu wenye miaka thelathini na mitano kwenda juu walilisikia sana kwenye taarifa ya habari ya redio: James Wolfensohn, Rais wa Benki ya Dunia kuanzia mwaka 1995 hadi 2005. Wengi tulimfahamu kama mzee wa madeni. Kwenye muziki hatukumfahamu kabisa, na huko ndiko nataka tukae kidogo.

Alizaliwa Sydney, Australia, Desemba 1, 1933. Akasomea sheria, akashiriki mchezo wa kupigana kwa vitara kwenye Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956, akaenda Harvard kusomea biashara, halafu akazama kwenye mabenki. Alifanya kazi Schroders mjini London, akahamia Salomon Brothers New York, na mwaka 1981 akafungua kampuni yake mwenyewe. Unazijua kazi za namna hiyo. Simu haikatiki, ndege leo kesho, chakula cha usiku unakula na mteja kuliko na mkeo. Ukimkuta mtu wa kazi hizo anakwambia hana muda wa kupiga hata filimbi, utamwelewa.

Sasa alipokuwa London alikuwa na rafiki, mwanamama wa Kiingereza aitwaye Jacqueline du Pré. Huyu alikuwa mmoja wa wapiga selo wakubwa wa karne iliyopita. Selo, kwa asiyeijua, ni ile ndugu kubwa ya fidla inayosimamishwa katikati ya magoti, yenye sauti nzito kama ya baba anayesimulia jambo taratibu. Mwaka 1973, akiwa na miaka 28 tu, du Pré aliambiwa ana ugonjwa unaoshambulia mfumo wa fahamu. Vidole vikaanza kukataa. Mtu aliyekuwa anajaza kumbi za dunia akabaki hawezi kupiga tena.

Wolfensohn akiwa na miaka 41, umri ambao wengi wetu tunaanza kununua dawa ya mgongo, akaomba du Pré amfundishe selo. Mama akakubali, lakini kwa sharti moja. Siku akitimiza miaka 50, apige jukwaani Carnegie Hall, New York. Si sebuleni kwa marafiki, Carnegie Hall yenyewe, ukumbi ambao wanamuziki wa kazi wanauota maisha yao yote na wengi hawaufikii! Ni kama mtu anayejifunza kuendesha baiskeli aambiwe mwisho wa mafunzo atashindana kwenye mbio za Ufaransa.

Akakubali, na akatimiza. Mwaka 1983 alipofika miaka 50 alikaa na selo yake Carnegie Hall, pamoja na Isaac Stern kwenye fidla na Vladimir Ashkenazy kwenye piano, vigogo wawili wa dunia. Akarudia tena alipofika 60, na tena alipofika 70. Mwalimu wake alifariki mwaka 1987, akiwa na miaka 42.

Kisa hiki ukikiangalia haraka utaona ni cha tajiri anayejifurahisha, na sikatai, fedha na marafiki vilimsaidia sana. Afisa mikopo wa Kayanga hana Isaac Stern wa kumpigia simu. Mimi kinachonivutia ni lile sharti. Mapenzi yake ya muziki yalikuwa na tarehe, na yalikuwa na mtu mwingine ndani yake. Mgonjwa alipata mwanafunzi wa kumsumbua, na mtu wa benki alipata sababu ya kufunga mafaili. Na selo si kitu cha kuficha kwenye koti. Ukiwa nayo ndani, nyumba nzima inajua unajifunza, na nyumba nzima inasikia unavyokosea.

Alimuoa Elaine mwaka 1961, na walikaa pamoja hadi mwaka 2020, ambapo wote wawili walifariki. Miaka karibu 60! Siri za chumbani kwao sina, na sitazibuni hapa ili kujaza ukurasa. Ninachojua ni kwamba muziki kwake ulikuwa kazi ya hadharani. Alikuwa mwenyekiti wa bodi ya Carnegie Hall kuanzia 1980 hadi 1991, ukumbi ukafanyiwa ukarabati mkubwa mwaka 1986 chini ya uenyekiti wake. Kuanzia 1990 hadi 1995 akawa mwenyekiti wa Kennedy Center kule Washington, ambako ndani yake kuna ukumbi wa opera wenye viti zaidi ya 2,000. Kwa hiyo hesabu za mkopo zilimlipia muziki, na muziki nao ukapata mtu anayejua kusoma hesabu.

Halafu akaja kwetu. Februari 2001 alifika Dar es Salaam na mwenzake wa IMF, Horst Köhler. Novemba mwaka huo huo Tanzania ikamaliza masharti ya mpango wa msamaha wa madeni kwa nchi maskini, na ada za shule za msingi zikaondolewa. Watoto walioandikishwa shule za msingi walikuwa kama milioni 4.4 mwaka 2000, ilipofika 2005 walikuwa zaidi ya milioni 7. Sasa msimpigie makofi haraka, maana hiyo hiyo Benki ya Dunia, miaka ya kabla yake, ndiyo ilikuwa ikitushauri wananchi tuchangie gharama, na wazee wetu wanaikumbuka michango ile vizuri sana. Ila dada yangu wa Mabira, kama ulianza kufundisha darasa lenye watoto tisini wamebanana kwenye madawati, ujue mpiga selo huyu naye ana mkono wake humo!

Tuache benki. Twende kwenye opera yenyewe, maana dada ananiambia haelewi hata neno moja na anaona ni kelele za watu wenye njaa.

Dada, opera ni umbea wa ndoa. Sikutanii. Ukiondoa magauni na Kiitaliano, kinachobaki ni mambo yale yale yanayojaza safu hii kila mwezi. Chukua ile ya Mozart iitwayo Ndoa ya Figaro, iliyochezwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1786. Figaro na Susanna ni watumishi kwenye nyumba ya bwana mkubwa, na leo ndiyo siku yao ya kufunga ndoa. Bwana mkubwa, ambaye ana mke wake ndani, anamtaka Susanna. Mke wa bwana mkubwa anajua. Badala ya kumrukia Susanna na kumchana uso, kama baadhi yenu mngefanya, anakaa naye chini na wanapanga mtego. Wanaandika barua ya kumwita yule mzee bustanini usiku, wanabadilishana nguo, na mzee anajikuta anamtongoza mke wake mwenyewe gizani. Mwisho anapiga magoti mbele ya watu wote anaomba msamaha. Nyie mnaolipa king'amuzi kuangalia tamthilia za Kifilipino, hapa kuna nini kigeni?

Au La traviata ya Verdi, ya mwaka 1853. Kijana wa familia nzuri anampenda mwanamke mwenye historia. Wanahamia shamba, wanaishi kwa raha. Siku moja kijana hayupo, baba mkwe anabisha hodi. Anamwomba mwanamke, kwa adabu kabisa, amwache mwanawe, maana kuna binti nyumbani anataka kuolewa na jina la familia linachafuka. Mwanamke anakubali na anaondoka bila kumwambia kijana sababu. Kijana anadhani amesalitiwa kwa ajili ya pesa. Ni baba mkwe mwenye adabu ndiye anayevunja nyumba. Kagera nzima inamjua mzee wa namna hiyo!

Na kama mtu anasema hiyo ni michezo ya Wazungu, mwambie amtafute Pretty Yende. Huyu ni dada wa Afrika Kusini, mzaliwa wa 1985 kwenye mji mdogo. Alisikia opera mara ya kwanza akiwa na miaka 16, kwenye tangazo la televisheni la shirika la ndege. Akamuuliza mwalimu wake shuleni ile ni nini. Mei 2023 ndiye aliyeimba London kwenye kutawazwa kwa Mfalme Charles wa Tatu. Na upande wetu huu, Nairobi mwaka 2020 walionyesha opera yao wenyewe, Nyanga: Runaway Grandmother, hadithi ya bibi aliyetoroka, yenye waimbaji Wakenya. Hata ndugu zetu wa Oman, ambao mitaani kwao bado utasikia Kiswahili kizuri kuliko cha kwetu, wana jumba la opera Muscat lililofunguliwa Oktoba 2011.

Lakini kwa nini twende mbali? Mabira ina watani wa opera ambao ni wenyeji kabisa. Wahaya na Wanyambo wana enanga, kile chombo cha ubao chenye nyuzi, na wana watu waliokuwa wakikaa na enanga yao na kuimba kisa kimoja kirefu, cha mashujaa, wafalme, wanawake waliotoroshwa na vita vilivyofuata. Mwimbaji mmoja alikuwa anawabeba wote, sauti ya mfalme, sauti ya mke, sauti ya adui. Profesa Mugyabuso Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika tasnifu yake ya udaktari mwaka 1986 juu ya tenzi hizo za enanga. Babu aliyekaa usiku kucha akimsikiliza mpiga enanga, watu walimwita mtu wa heshima. Mjukuu anakaa barazani saa mbili akisikiliza kisa kile kile cha mke na mume kwa Kiitaliano, naye anaitwa Bwana Msiba.

Sasa tugeukie pesa, na hapa bwana nisikilize wewe.

Kwenye muziki nimekutetea. Kwenye risiti sikutetei hata kidogo. Wewe ni afisa mikopo. Kila wiki anakuja mteja mbele ya meza yako anataka kuweka nyumba ya familia rehani, na kitu gani unamwambia? Lete ridhaa ya mwenzi wako. Unajua kabisa kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, hairuhusu mwanandoa mmoja kuuza wala kuweka rehani nyumba ya ndoa bila mwenzake kukubali. Unamrudisha mzee wa watu mpaka Nkwenda akamlete mkewe aje atie dole gumba. Halafu Jumamosi unapanda gari kwenda Mwanza na akiba ya watu wawili, unanunua kinanda, unakificha kama mtu anayeficha nyumba ndogo. Najua, kinanda si nyumba na sheria haikugusi. Lakini faili hili, bwana, lingekuja kwenye meza yako ungelipitisha?

Na hiyo siyo fedha ya kuchezea. Kule kwenu kipande cha kahawa ni bima. Ugonjwa ukija, mtoto akifaulu kwenda sekondari, kahawa ndiyo inayojibu. Kwa mwalimu wa shule ya msingi, shamba lile lilikuwa ni ule usingizi wake wa usiku. Umemnyang'anya usingizi ili upate raha ya Jumamosi. Mwambie hivyo hivyo kwa kinywa chako, bila kuongeza neno "lakini".

Dada, usishangilie mapema. Kwenye ujumbe wako kuna mstari mmoja uliupitisha haraka, na mimi nimeurudia mara tatu. Unasema Novemba iliyopita, msimu wa senene, dada zako walikuja kukusaidia kuchambua, na mumeo alipoweka muziki wake wewe ulisimama ukamuigiza yule mwimbaji, mikono juu, macho yamepinda, watu wakacheka mpaka machozi. Mumeo akazima spika akaingia ndani. Unasema "alinuna kidogo tu." Risiti ya kinanda ni ya Januari. Hesabu mwenyewe miezi.

Mwanaume anayechekwa na mkewe mbele ya shemeji zake, kwa kitu alichokipenda tangu yuko darasa la tatu, hatakuja tena kukwambia anataka kinanda. Atakwenda kukinunua kimya kimya. Kosa ni lake, pesa ni ya wote, na sijabadilisha hukumu yangu. Ila mlango ambao angepitia kuja kukuomba uliufunga mwenyewe, mbele ya ndoo ya senene.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana, usimwambie achague. Ukimwambia hivyo akachagua wewe, utakuwa na mume anayekaa barazani Jumamosi akiangalia ukuta, na hiyo mimi nimeiona kwenye nyumba nyingi na si nzuri. Kuna wanaume walioacha mpira kwa ajili ya ndoa, kuna wanawake walioacha kuimba kwaya kwa sababu bwana hakupenda mazoezi ya jioni. Waulize baada ya miaka kumi.

Mwambie hivi badala yake. Kinanda kitoke Kayanga kije nyumbani, kikae sebuleni, na mtoto akibonyeze. Fedha ya shamba irudi, kwa ratiba ya maandishi, kiasi fulani kila mwisho wa mwezi, na kwa kuwa yeye ni afisa mikopo ataijua kazi hiyo vizuri. Akichelewa mwezi mmoja, mtoze faini. Jumamosi ni yake kuanzia saa kumi na moja hadi saa kumi na mbili. Saa moja, siyo mbili, na sauti ya spika isivuke migomba. Kabla hajafumba macho, akusimulie kwanza hao wanaoimba ni kina nani, nani anamtaka nani na nani anamdanganya nani. Wewe utachambua maharage yako huku unasikiliza, si lazima upende. Mimi mwenyewe kuna opera za yule Wagner wa Ujerumani zinazokwenda saa nne na nusu, na nawaambieni wazi kwamba sijawahi kufika mwisho macho yakiwa wazi.

Na bwana apewe tarehe, kama yule wa selo. Kwaya ya parokia ina Krismasi, na mpiga kinanda siku zote anatafutwa. Mwaka huu au mwakani, siku ya mkesha, yeye ndiye akae kwenye kinanda wakati Haleluya inaimbwa, waumini wote wakiwepo na hao shemeji zake waliocheka wakiwa benchi la mbele. Akishindwa, kinanda kinauzwa na pesa inakwenda shambani. Nadhani hapo hata mama mkwe atatulia, maana atakuwa ameelewa hatimaye mwanawe anaumwa nini.

Mahali pa kuanzia wote wawili nitawaambia. Msianze na opera nzima, Ndoa ya Figaro peke yake inakula kama saa tatu. Anzeni na kile kipande cha kuandika barua, wanawake wawili wanaimba, dakika tatu hivi kimekwisha. Mtakuwa mlishakisikia bila kujua. Kimo kwenye ile filamu ya mwaka 1994 ya gerezani, The Shawshank Redemption, pale mfungwa anapojifungia ofisini na kukiweka kwenye vipaza sauti vya gereza, uwanja mzima ukasimama kimya. Na mfungwa yule, kama mnakumbuka, kabla ya kufungwa alikuwa mtu wa benki.

Kikiisha, dada, muulize mumeo swali moja: kati ya wale wanawake wawili, nani anatamka maneno na nani anayaandika? Jibu ni kwamba mke wa bwana mkubwa anatamka, Susanna anaandika. Akikosa hapo, basi hizo Jumamosi zote alikuwa anasinzia tu, na saa yake moja ipunguze iwe nusu.